Kabureta Haina Kosa: Anza na Tangi

Jumapili iliyopita katika safu hii tulizungumza juu ya betri na namna ya kuitunza wakati wa masika. Nilikuwa nimekusudia leo kuendelea na nyaya za taa, lakini imenifikia barua ambayo nimeona si vema kuilaza. Mwandishi wake ni mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam, ambaye marehemu baba yake alimwachia gari la mbio aina ya Datsun 240Z, lile la milango miwili na boneti ndefu. Mzee huyo, aliyekuwa fundi wa mitambo, alilinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akirejea kwao, akalitunza hadi siku zake za mwisho.

Barua yenyewe inasema hivi: “Fundi, shikamoo. Gari la marehemu baba linawaka asubuhi bila taabu. Nikifika kilomita nne au tano, hasa nikianza kupanda kilima, linakohoa, linapoteza nguvu, kisha linazimika. Nikikaa kando ya barabara kwa dakika kumi linawaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Nimekwisha kulipeleka kwa mafundi watatu, na wote wamesema ubovu uko kwenye kabureta. Wa kwanza alizifungua akazisafisha, wa pili alizungusha nati zake, na wa tatu ameniambia ninunue nyingine, kwa bei inayozidi mshahara wangu wa miezi mitatu. Tena siku hizi nyumba nzima inanuka petroli. Mama anasema tuliuze tu. Nifanye nini?”

Marahaba, binti yangu. Nilikujibu kwa simu kwamba usiuze kitu mpaka nije, na Jumamosi nikaja. Yale tuliyoyaona siku ile chini ya mwembe wenu nayaeleza hapa kwa ruhusa yako, kwa sababu yanamhusu kila mwenye gari la kabureta, liwe la mbio, liwe teksi iliyozeeka, au pikapu ya kubebea mchanga. Nayaeleza pia kwa sababu ile harufu uliyoitaja mwishoni mwa barua ndiyo iliyonitisha kuliko mengine yote.

GARI LENYEWE

Datsun 240Z ilionyeshwa kwao Japani mwaka 1969, ambako gari hilo huitwa Fairlady Z, na ikaundwa hadi mwaka 1973. Injini yake ina silinda 6 zilizopangwa katika mstari mmoja, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,393. Wazee wenzangu watakumbuka kwamba mwaka 1971 gari la aina hii, likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki, yale yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo njia yake hapo mwanzo ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda akiwa na Lofty Drews katika gari la aina hiyo hiyo, baada ya kulingana alama na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun nyingine. Basi gari hili si geni kwa vumbi letu wala kwa matope yetu. Likishindwa kupanda kilima kimoja cha mjini, sababu ipo, na yafaa itafutwe kwa utaratibu.

KABURETA HIZI HUFANYAJE KAZI?

240Z ina kabureta mbili, moja ikilisha silinda tatu za mbele na nyingine silinda tatu za nyuma. Zimetengenezwa na Hitachi kwa mtindo wa SU. Mtindo huo ulibuniwa Uingereza na ndugu wa ukoo wa Skinner, ukoo uliokuwa katika biashara ya viatu, na herufi hizo mbili zatokana na jina la kampuni yao iliyoundwa mwaka 1910. Kabureta zao za mwanzo zilikuwa na mfuko wa ngozi uliojikunja na kujikunjua kama mivuo ya mhunzi. Baadaye mahali pa ngozi pakashikwa na pistoni ya chuma, na hivyo ndivyo ilivyo hadi leo katika magari ya zamani ya MG, katika Jaguar nyingi za zamani, na katika hii Datsun yetu.

Kazi ya kabureta ni kama kazi ya mpishi wa ugali: kuchanganya vitu viwili kwa kipimo. Kilo 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Petroli ikizidi, moshi huwa mweusi na plagi hushika masizi. Petroli ikipungua, injini hukohoa, hukosa nguvu na kupata moto kupita kiasi.

Kabureta za kawaida zina koo lenye upana usiobadilika. Ya mtindo wa SU ina koo linalojipanua na kujibana lenyewe. Ndani yake mna pistoni inayopanda na kushuka, na chini ya pistoni hiyo imeshikizwa sindano iliyochongoka, inayoingia katika kitundu kiitwacho jeti. Dereva akikanyaga mafuta, injini huvuta hewa nyingi, mvuto huo hupanda juu ya pistoni na kuiinua, koo hupanuka, na sindano, kwa kuwa ni nyembamba zaidi kuelekea nchani, huacha nafasi kubwa ili petroli nyingi ipite. Hewa na petroli huongezeka pamoja, mkono wa mpishi ukiwa ni ule ule. Juu kabisa mna kijiti kinachoogelea katika mafuta mepesi ya injini, ambacho kazi yake ni kuizuia pistoni isiruke ghafla. Mafuta hayo yakikauka, gari husita kila unapokanyaga kwa haraka.

Ubavuni mwa kabureta kuna chumba kidogo chenye boya, mfano wa lile boya la tangi la maji la chooni. Petroli ikijaa, boya hupanda na kufunga mlango. Ikipungua, boya hushuka na kuufungua. Chumba hicho ndicho ghala ya kabureta. Ghala ikiwa tupu, mpishi hana la kupika, hata awe hodari namna gani. Jambo hili ndilo lililosahauliwa na mafundi wale watatu.

TULIANZA NYUMA, SI MBELE

Fundi mwenye haraka hukimbilia kabureta kwa sababu iko mbele ya macho yake, inang'aa, na ina nati za kuzungusha. Lakini petroli haizaliwi ndani ya kabureta. Hutoka katika tangi, hupita katika bomba la chuma chini ya gari, huingia katika chujio, au filta kama tulivyozoea kuiita, huvutwa na pampu iliyo ubavuni mwa injini, kisha ndipo hufika katika vyumba vya maboya. Palipo na ubovu wa petroli hatuna budi kuifuata njia hiyo yote.

Dalili alizozieleza mwalimu zilinitosha kuwa na shaka tatu. Gari linalowaka vizuri, likazimika baada ya kilomita chache, kisha likapona lenyewe kwa kupumzika, aghalabu lina moja kati ya haya: ama kifuniko cha tangi hakipitishi hewa, hivyo petroli ikipungua tangi hujivuta ndani na kukataa kutoa zaidi, ama petroli inageuka mvuke ndani ya mabomba kwa ajili ya joto la injini, ama kuna uchafu unaoziba njia wakati wa mvuto, nao huanguka mvuto unapokoma.

Tuliliendesha hadi likazimika karibu na sokoni. Kabla ya kufanya lolote nilifungua kifuniko cha tangi polepole na kutega sikio. Kama tangi lingekuwa limejivuta ndani, tungesikia hewa ikiingia kwa mluzi. Hapakuwa na sauti yoyote. Shaka ya kwanza ikaondoka.

Tukalisukuma hadi nyumbani. Tulihakikisha kwamba jiko la mkaa limehamishwa upande wa pili wa nyumba na kwamba hakuna mwenye sigara. Nilichomoa waya mnene wa koili ili plagi zisitoe cheche, nikafungua mpira unaoingiza petroli katika kabureta ya mbele na kuuelekeza katika chupa ya kioo, kisha nikamwomba mwalimu apige stata. Mwanzo petroli ilikuja kwa mapigo yenye nguvu. Baada ya muda mfupi mapigo yakanyong'onyea, mwisho yakawa matone. Kijana wa mwalimu, mwenye umri wa miaka 14, ndiye aliyetangulia kusema: “Babu, kumbe kabureta hazina kosa. Hazipewi petroli.” Alikuwa amepata hesabu ambayo watu wazima watatu waliikosa, tena wakalipwa.

CHUJIO LILITUAMBIA NINI

Chujio la gari hili ni la plastiki inayopitisha nuru, nalo limewekwa kati ya tangi na pampu. Lilikuwa limejaa nusu tu. Hapa yafaa niseme kwamba chujio la namna hii kuwa nusu tupu si ubovu, na wengi wamebadilisha pampu bure kwa kuliona hivyo. Linaloangaliwa ni rangi ya karatasi iliyo ndani na kile kilichotuama chini. Karatasi ya chujio hili ilikuwa na rangi ya udongo mwekundu. Tulilitoa, tukalimimina kinyume katika kisosi cheupe, na kikabaki kisosini unga wa kutu pamoja na vijitone vya maji vilivyokataa kuchanganyika na petroli.

Tukafunga chujio jipya. Gari likaenda kilomita nane badala ya tano, kisha likazimika vile vile. Nililitegemea hilo, nalo ni fundisho kwa wale wanaodhani kazi imekwisha mara tu wanapobadilisha chujio. Chujio lililoziba limetimiza wajibu wake. Uchafu ule umetoka mahali fulani, na mahali hapo pasiposafishwa, chujio jipya litaziba vile vile.

Tulifungua nati ya kumwagia iliyo chini ya tangi, petroli ikashuka katika debe la chuma. Ilifuatana na maji, na baada ya maji vikatoka vipande vya kutu, vingine vikubwa kama punje za mtama. Sasa mambo yote yalieleweka. Baada ya kifo cha mzee, gari lilikaa miaka minne bila kuendeshwa, tangi likiwa na petroli kidogo tu. Katika nafasi iliyobaki tupu hewa yetu ya pwani, yenye unyevu mwingi, iliingia mchana na kutoa umande usiku. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, yalituama chini na kuanza kuila bati. Gari likiendeshwa, vipande vile vya kutu vilivutwa hadi kwenye mdomo wa bomba na kuuziba. Likizimika, mvuto ulikoma, vipande vikaanguka, na baada ya dakika kumi njia ikawa wazi tena. Kilima kilizidisha taabu kwa sababu hapo ndipo injini inapotaka petroli nyingi.

Tangi lilishushwa na kupelekwa kwa mafundi wa rejeta, ambao wana maarifa ya kulisukutua kwa maji moto na sabuni, kulitikisa pamoja na changarawe ili kutu itoke, kisha kulikausha kabisa. Nasisitiza jambo moja. Tangi la petroli likitoboka, usikubali fundi yeyote alichomelee kabla halijaoshwa namna hiyo na kutolewa mvuke wote. Watu huliogopa tangi lililojaa na kulidharau lililo tupu. Kinyume chake ndicho kweli: tangi tupu limejaa mvuke uliochanganyika na hewa, na mvuke huo ndio ulipukao.

Bomba la chuma tulilipuliza kwa upepo wa pampu ya magurudumu, na chujio tukaweka jipya kwa mara ya pili. Mwenye kununua chujio na aangalie mambo matatu. La kwanza, vinywa vyake viwe na unene unaolingana na mpira, kwa maana kulazimisha huleta uvujaji. La pili, mshale uliochorwa ubavuni uelekee upande wa injini. La tatu, lisiwe lile dogo la pikipiki, kwa sababu injini ya silinda 6 ina kiu kubwa zaidi.

HARUFU ILE

Sasa nije kwenye harufu. Katika injini hii kabureta ziko juu kabisa ya mabomba ya ekzosi, upande mmoja, zikitenganishwa nayo na bati la kuzuia joto. MGB na magari mengine mengi ya zamani yako hivyo hivyo. Maana yake ni kwamba tone lolote la petroli litakalodondoka kutoka juu litaangukia karibu na chuma chenye moto mkali.

Mmoja wa mafundi wale watatu, kwa nia ya kusaidia, alikuwa ameongeza chujio la pili la plastiki baada ya pampu, likining'inia juu ya mabomba hayo bila kushikizwa. Mahali hapo petroli haivutwi tena bali inasukumwa. Mpira ukipasuka hairembi, inaruka. Na mipira yenyewe ilikuwa ni ya tangu enzi za marehemu. Niliikunja kwa vidole, nikaona nyufa nyembamba kama za kisigino kikavu. Mmoja ulikuwa umelowa. Gari lililala kila usiku katika banda lililoegemea ukuta wa chumba cha watoto.

Ndugu msomaji, sizungumzi kwa kusikia. Nikiwa kijana wa miaka 19, mwanafunzi katika karakana moja ambayo sitaitaja, niliagizwa kumimina petroli kidogo katika mdomo wa kabureta huku mwenzangu akipiga stata, ili gari lililogoma liwake. Nilishika petroli katika chupa ya soda. Injini ikapiga chafya, ulimi wa moto ukatoka katika kabureta na kuifuata petroli hadi ndani ya chupa niliyoishika. Mkono wangu wa kushoto una kovu kutoka kwenye kiganja hadi kwenye kiwiko, na vidole viwili havikunjiki tangu siku ile. Gari lile halikuwa na ubovu mkubwa. Chujio lake lilikuwa limeziba. Mkono wangu ulilipia uvivu wa kutofuata njia ya petroli tangu mwanzo wake.

Kwa hiyo nawaomba wazazi na mafundi wanaofundisha vijana mambo yafuatayo. Msiruhusu mtu yeyote kumimina petroli katika kabureta wakati injini inazungushwa. Msivute petroli kwa mdomo kwa mpira. Tone likipotea njia likaingia katika mapafu, huleta ugonjwa mzito, na aliyeimeza asilazimishwe kutapika, bali akimbizwe hospitali. Msinawe mikono kwa petroli. Msiihifadhi nyumbani katika chupa za maji, kwani mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Na gari likishika moto chini ya boneti, msimwagie maji, maana petroli huelea juu yake na kuusambaza moto. Zimeni injini, tokeni wote, na anayeweza aelekeze mtungi wa unga mkavu kupitia upenyo mdogo wa boneti. Kuifungua wazi ni kuupa moto pumzi. Mtungi wa kilo 2 ukae ndani ya gari, karibu na mkono wa dereva. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na janga la petroli halichagui nani amekaa mbele na nani amelala chumbani.

Mipira yote ya gari la mwalimu tuliibadilisha, na chujio lile la nyongeza tukaliondoa. Mwenye kununua mpira wa petroli autafute ulioandikwa ubavuni SAE J30 R9, ambao unastahimili petroli ya siku hizi, hata ile iliyochanganywa na ethanoli. Katika nchi ya Uingereza, mathalani, tangu mwaka 2021 petroli ya kawaida huwa na ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli hufyonza unyevu na huilegeza mipira ya mtindo wa zamani, na wenye magari ya kale huko hushauriwa kununua petroli yenye ethanoli kidogo zaidi. Klipu ziwe za kukaza kwa bisibisi, zisizokata mpira. Waya wa kufungia si klipu.

HATIMAYE, KABURETA

Baada ya hayo yote ndipo tulipozigusa kabureta, na kwa sababu moja tu: mafundi walikuwa wamezivuruga. Plagi tatu za mbele zilikuwa nyeupe kama chokaa, na tatu za nyuma nyeusi kwa masizi. Nati ya chini inayoinua na kushusha jeti ilikuwa imeshushwa kidogo mno mbele na kupita kiasi nyuma.

Tulifungua vyumba vya maboya, tukatoa tope jembamba lililotuama, tukasafisha na vijichujio vidogo vya waya vilivyo mlangoni mwake. Tuliinua kila pistoni kwa kidole na kuiachia. Iliposhuka bila kukwama na kugonga chini kwa mlio mdogo, tulijua sindano iko katikati ya jeti. Tukaongeza mafuta mepesi juu ya pistoni. Kisha tukazipandisha nati zote mbili hadi mwisho na kuzishusha mizunguko 2 na nusu kila moja, ambayo ndiyo mahali pa kuanzia.

Injini ilipopata moto wake wa kawaida, tulipima kama kabureta zote mbili zinavuta hewa sawasawa. Chombo cha kazi hiyo kipo, lakini kipande cha mpira mwembamba kinatosha. Ncha moja huwekwa kwenye mdomo wa kabureta, nyingine sikioni, na mvumo wa moja hulinganishwa na wa nyenzake. Kazi hii nilimwachia kijana, kwani masikio yake ni mapya kuliko yangu. Alirekebisha skrubu za mwendo hadi mivumo ikawa pacha.

Mwisho ni mchanganyiko. Inua pistoni ya kabureta moja kwa ncha ya bisibisi nyembamba, kiasi cha milimeta 1 tu, na sikiliza. Injini ikiongeza mwendo na kubaki hivyo, petroli imezidi. Pandisha nati kidogo. Ikipunguza mwendo au kutaka kuzimika, petroli imepungua, ishushe kidogo. Ikiongeza mwendo kidogo kisha ikarudi ilipokuwa, umefika. Zungusha nati sehemu ndogo ya mzunguko kwa mara moja, usubiri, usikilize, kisha uende kwenye kabureta ya pili na kurudi tena ya kwanza. Mwenye pupa hapati sauti hiyo.

RATIBA YA NYUMBANI

Kwa wale wenye magari ya namna hii, ratiba yangu ni nyepesi. Kila wiki fungua boneti injini ikiwa baridi, unuse, na upapase mipira kuona kama kuna unyevu. Kila miezi mitatu angalia rangi ya chujio na uongeze mafuta ya juu ya pistoni. Kila mwaka badilisha chujio hata kama linaonekana safi, na usafishe vyumba vya maboya. Mipira usiiache ipite miaka mitano. Gari litakalokaa muda mrefu bila kuendeshwa, lijaze tangi ili unyevu ukose nafasi, au likaushe kabisa, na usiliegeshe penye ukuta wa chumba cha kulala.

Chujio, mipira, klipu na ujira wa mafundi wa rejeta, vyote kwa pamoja, vilimgharimu mwalimu sehemu ndogo tu ya ile bei aliyotajiwa ya kabureta mpya. Jumapili iliyofuata tulipanda kile kilima mara tatu, na mara ya tatu usukani ulishikwa na mwalimu mwenyewe. Mama yake, yule aliyetaka gari liuzwe, alikaa kiti cha pembeni bila kusema neno mpaka tuliporudi nyumbani. Hapo akauliza kama harufu imekwisha. Kijana akainama chini ya boneti, akanusa mipira mmoja baada ya mwingine, akajibu, “Imekwisha, bibi.” Bibi akasema basi gari libaki, ila banda lihamishwe mbali na chumba cha watoto. Nilimwambia kwamba kati ya mafundi wote waliolishughulikia gari hili, yeye ndiye aliyetoa shauri lililo bora.

Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye nyaya za taa.